Majani Kijani, Maganda Matupu: Maswali ya Njugu

Assalaamu alaykum. Nilipanda njugu (karanga) kwenye udongo wa kichanga mwanzo wa Novemba. Zilistawi hasa, lakini nilipozing'oa Februari nusu ya maganda yalikuwa matupu. Mbegu mbovu? (Mkulima, Micheweni, Pemba)

Waalaykumu salaam. Mbegu usiilaumu. Njugu huchanua juu ikazaa chini: kiasi cha siku 30 baada ya kupandwa hutoa maua, kisha kikonyo huinama kikachoma udongo, na ganda hutunga sentimita chache tu chini. Ganda hilo changa haliletewi kalsiamu na mizizi. Hujinyonyea lenyewe kwenye udongo unaoligusa, na udongo huo ukikauka hakuna kinachonyonyeka. Mizizi, iliyokwenda mbali zaidi, bado inapata maji. Ndiyo maana majani yalikuhadaa. Zako zilikuwa zinajaa Januari, vuli imekwisha na jua la kaskazi linachoma.

Pasua punje chache ulizopata. Kichipukizi cha katikati kikiwa cheusi, kalsiamu ilikosekana. Basi msimu ujao nyunyiza jasi (unga wa madini yenye kalsiamu) gramu 30 kwa kila mita ya mraba maua yanapoanza, juu ya udongo, pale vikonyo vitakapochoma. Tangu hapo jembe lisiingie, magugu yang'oe kwa mkono.

Wa vuli asingoje Novemba: panda mvua ya kwanza ikishalowesha udongo. Toka siku ya 35 hadi ya 85, mvua ikikatika, mwagilia lita 15 kwa mita ya mraba kila siku ya tatu. Kichanga hakiweki maji, kwa hiyo kumwaga ndoo nyingi mara moja kwa wiki ni kazi bure. Kisima kikiwa karibu na pwani, onja kwanza. Maji ya chumvi yasiguse njugu. Kwa asiye na maji kabisa tunaona bora masika: panda nusu ya pili ya Machi, juu ya matuta ili maji yasituame, uvune mwanzoni mwa Julai jua la kuanikia likiwepo.

Shamba langu ni uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe. Majani machanga yamekuwa manjano, mishipa imebaki kijani. Nitie chokaa? (Makunduchi, Unguja)

Usithubutu. Udongo wa mawe ya matumbawe umejaa chokaa, nayo ndiyo inayoinyima njugu madini ya chuma. Tia samadi iliyooza, na usimwagilie mpaka udongo ukatota, kwani kutota huzidisha umanjano. Ukiwa na kiraka cha kichanga, njugu zihamishie huko.

Nitajuaje zimekomaa?

Ng'oa mashina mawili matatu, pasua maganda kumi. Saba yakiwa yamefanya weusi au kahawia kwa ndani, vuna. Ukichelewa mvua ikakukuta, njugu za kusimama (zisizotambaa) huchipua humo humo ardhini. Zianike mpaka ukitikisa ganda usikie punje zikicheza. Zikiwekwa mbichi kwenye gunia huingia ukungu wenye sumukuvu, ambayo kukaanga hakuiondoi.