Mzee wa Kondoa, saratani ya utumbo mpana hatua ya kwanza

Pole sana ndugu kwa mzee. Umesema wengine wanataka apelekwe India wengine mitishamba, mimi nakuomba msingoje michango ya ndege, hatua ya kwanza tiba yake ni opereshini, wanakata kipande chenye uvimbe na tezi za limfu za jirani (vinundu ambako saratani husambaa kwanza) na mara nyingi hata kemo, yaani dawa kali za saratani, hahitaji. Toka Kondoa mleteni hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, kabla ya kukatwa apigwe CT scan ya kifua na tumbo, halafu muulizeni daktari kama maabara itapima tezi hizo zilizokatwa walau 12, zikiwa chache hamtakuwa na uhakika haijasambaa. Ila kama uvimbe uko chini kwenye rektamu, mwisho wa utumbo karibu na njia ya haja kubwa, anaweza kuhitaji mionzi kwanza, hiyo inapatikana Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Mitishamba hapana jamani, inamchelewesha tu.