Kunduchi kabla ya jiji kufika

SWALI: Tumehamia Kunduchi, Dar es Salaam. Wenyeji wanasema hapa palikuwa kijiji cha wavuvi, na watoto wameona makaburi yenye nguzo karibu na ufukwe. Ni ya lini?

JIBU: Kunduchi ni kongwe kuliko jiji lililoimeza. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Msikiti wa mawe ambao magofu yake mnayaona unakadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16, na makaburi mengi yanayouzunguka ni ya karne ya 18. Sogeeni karibu na nguzo mtazame vile vishimo vya duara: humo zilipachikwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, alama ya ukwasi wa waliozikwa. Nyingi zimeshabanduliwa. Anayechokoa kwa patasi huambulia vigae tu, maana chokaa imeshika mgongo mzima wa sahani. Tafadhali wakatazeni watoto kupanda kuta. Jengo lolote la kabla ya 1863 linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Kijiji chenyewe hakijafutika. Wavuvi bado wanashusha samaki pwani, na ukiuliza Mtongani, mtaa wa hapo Kunduchi, utaambiwa habari za kuponda kokoto.

SWALI: Kiwanja chetu kina ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe. Fundi aliupiga plasta ya saruji. Masika moja tu, imebanduka pamoja na vipande vya mawe. Amekosea wapi?

JIBU: Kosa ni saruji. Tumbawe lina vitundu. Hunyonya maji ya ardhini na chumvi yake, kisha huyapumua nje. Saruji huziba njia hiyo. Maji yakikauka nyuma yake, chumvi huganda kuwa chembe ngumu, zikasukuma plasta na uso wa jiwe vikatoka pamoja. Kuongeza saruji hakusaidii, kunazidisha.

Kwanza ulizeni Idara ya Mambo ya Kale umri wa ukuta. Ukiwa wa kabla ya 1863, msiuguse bila kibali. Kama si wa zamani hivyo, ondoeni saruji taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, bila kulazimisha pale iliposhika, mkasugue chumvi kwa brashi kavu. Changanyeni chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka lisilozidi sentimita 1, lishike kabla ya kuongeza la pili. Funikeni kwa magunia yenye unyevu kwa wiki nzima, kwani chokaa ikikaushwa na jua kwa haraka hupasuka na kuwa unga. Mchanga wa ufukweni msiutumie kabisa, mtakuwa mnarudisha chumvi ileile.

SWALI: Tunauziwa kiwanja kinachopakana na bahari hapo hapo Kunduchi. Tununue?

JIBU: Tembeeni kwanza ufukweni maji yakiwa yamejaa, mkatazame mizizi ya minazi na misingi ya kuta za jirani. Mizizi ikiwa imening'inia hewani, bahari imeshaingia. Ufukwe huu umekuwa ukiliwa kwa miongo kadhaa. Mchanga wake huletwa na mito kama Tegeta na Mbezi, nao umekuwa ukizolewa mtoni kwa ajili ya ujenzi. Miamba iliyokuwa ikivunja mawimbi imepasuliwa kwa baruti za wavuvi haramu. Angalieni pia vikuta vya mawe vilivyoingizwa baharini. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, maji husukuma mchanga kuelekea kaskazini, hivyo kikuta hukusanya mchanga upande wa kusini na kuunyima upande wa kaskazini. Kiwanja kikiwa kaskazini ya kikuta cha jirani, acheni.