Kwa dada wa video ya pumzi: anzia pasipouma

Dada, pole ya msiba inakuja, kwanza funga hiyo video. Umeandika kwamba tangu mama afariki mwezi wa pili kifua kinabana, shingo imekuwa gogo, usingizi unakatika saa nane usiku. Kesho watoto wakilala unataka ujilaze peke yako chumbani, ufumbe macho, upumue kwa nguvu na haraka dakika 40 ili "uchungu uliokwama mwilini utoke". Ukauliza pia ununue mkeka gani, ule kwanza au ukae na njaa, na mumeo umwambie au unyamaze. Mimi nilipofika kwenye dakika 40 sikuendelea kusoma vizuri. Kosa hilo nimelifanya, na vidole vyangu vilijikunja kama kaa aliyegeuzwa chali. Chekeni tu.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, tena pumzi ndogo. Ukijilaza kitandani ukavuta makubwa makubwa, haraka haraka, huongezi oksijeni ya maana, maana damu ilikuwa nayo ya kutosha. Unachofanya ni kuitoa kabonidayoksaidi upesi kuliko mwili unavyoitengeneza. Damu inapungua asidi, kalsiamu iliyokuwa huru inashikwa na protini, na neva zikipungukiwa nayo zinaanza kushtukashtuka zenyewe. Midomo inachomachoma kama umekula pilipili. Vidole vinakufa ganzi, kisha kiganja kinakunjamana: gumba linaingia ndani, vingine vinanyooka vimeshikana kama mdomo wa bata, na huwezi kuvifungua. Mishipa ya damu ya ubongoni nayo inabana, ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi, na mtoto akiita chumba cha pili unamsikia kama yuko kisimani.

Halafu yule bwana wa kwenye video, kanzu nyeupe na muziki wa filimbi, anakwambia nini hapo? "Usiache, hiyo ni sumu inatoka." Sumu ipi? Hiyo ni kemia ya damu, ingempata hata mtu mwenye furaha zake aliyetoka harusini. Na kwa mfiwa ni mbaya zaidi, kwa sababu moyo kwenda mbio, kifua kubana na ganzi ndizo dalili zilezile za hofu kali. Mwili unasoma hatari, hofu inaongeza kupumua, kupumua kunaongeza dalili. Siku inayofuata unaogopa hata kujilaza. Mtu mwenye kifafa, pumu, presha, ugonjwa wa moyo au ujauzito asiijaribu hata kwa utani. Na yakikukuta, usivutie pumzi kwenye mfuko wa karatasi kama kwenye sinema. Keti, funga mdomo, pumua kidogo kwa pua, ongea na mtu kwa sauti. Mikono itafunguka yenyewe.

Sheria yangu ni moja: anzia pasipouma. Watafiti wa Ufini mwaka 2013 waliwapa watu zaidi ya 700 michoro ya mwili wapake rangi mahali wanapohisi kila hisia. Huzuni ilikaa zaidi kifuani, mikono na miguu ikapoa. Bibi zetu hawakuhitaji utafiti, walishasema miguu imeniisha nguvu. Kwa hiyo ukikimbilia kifuani unaingia jikoni kwenye moto wenyewe, na miguu ya kukutoa huna.

Kiti cha kawaida chenye mgongo, usilale. Vua viatu, nyayo zote mbili sakafuni, macho wazi yakitazama kitu kimoja, mlango au pazia. Kandamiza nyayo chini sekunde 5, legeza sekunde 10, mara tatu. Kukaza ndipo ulegeze ni mbinu ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, tangu miaka ya 1920, na siri yake ni kwamba msuli uliojikaza muda mrefu huujui mpaka uukaze zaidi. Kisha jiulize: sakafu ina ubaridi? Kisigino kipi kimebeba uzito zaidi? Jibu kwa maneno ya joto, uzito na mwendo. Ukisema "nina huzuni" umesharudi kichwani. Ukisema "zito, linavuta kushoto" bado uko mwilini. Kiswahili kimejaa haya: donge kooni, tumbo joto, kiroho papo.

Nyayo zikishasikika vizuri, ndipo umakini wako uguse ukingo wa kifua, siyo katikati, kwa pumzi mbili au tatu. Sekunde 10 tu. Rudi nyayoni sekunde 20, au shika kikombe cha chai ya moto usikie joto lake. Nenda urudi mara tano, halafu acha hata kama unajisikia unaweza zaidi. Hapo ndipo wengi huharibu: siku ya tatu mtu anaona mambo mepesi, anakaa kifuani dakika kumi, usiku halali.

Pumzi usiilazimishe. Ukitaka kuipunguza mwendo, vuta kwa pua hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, dakika tatu. Moyo hupungua mwendo unapotoa pumzi, ndiyo faida yenyewe. Mabega yakipanda, unavuta kubwa mno. Machozi yakija yaache, mradi bado unaweza kujibu mtu akikuita. Ukianza kujiona kama uko mbali na mwili wako, simama, nawa uso maji baridi, taja vitu vitano unavyoviona. Zoezi limeisha kwa siku hiyo.

Na hicho kifua kikaguliwe hospitali kwanza. Kikibana unapopanda ngazi, maumivu yakienda mkononi au tayani, au ukitoka kijasho cha baridi, usisubiri zoezi wala ushauri wa jukwaani, nenda saa hiyohiyo.

Kulikuwa na swali la mkeka wa kununua. Kiti unacho tayari. Fanya saa kumi na moja jioni, siyo usiku, na watoto wakiwa macho hapo sebuleni hakuna ubaya, kelele zao zinakusaidia kubaki ulipo.

Na pole sana kwa mama, dada.