Ukiwahi kumaliza, anza na pumzi na mikono

Wanaume wengi hapa Mwanza wakiona wanawahi kumaliza tendo la ndoa, wanakimbilia kwa muuza vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume. Nawaelewa: jambo lina aibu, na muuzaji haulizi maswali. Ila dawa ya kusimamisha ni kitu kimoja, kuwahi ni kitu kingine. Nimeishi na tatizo hili ndani ya ndoa, na kilichonisaidia hakiuzwi kwenye kichupa.

Kwanza ujue kama kweli unaumwa. Madaktari huhesabu tatizo la tangu ujana pale mtu anapomaliza ndani ya takriban dakika 1 baada ya kuingia, karibu kila mara, hawezi kujizuia, na linamnyima raha. Kwa lililoanza ukubwani, ni kama dakika 3 kushuka chini. Mwenye dakika 5 anayejipima kwa video za kwenye simu ajipumzishe tu.

Haraka hii wengi tunaijenga wenyewe. Ukianza maisha kwenye chumba cha kupanga kule Mabatini au Bugarika, jirani anakohoa unamsikia, watoto wamelala nyuma ya pazia, mwili unazoea kumaliza kabla hujasikika. Unapanda kitandani taya zimebana, makalio yamekaza, pumzi umeizuia bila kujua. Na mishipa ya fahamu inayoamsha mwili wakati wa hofu ndiyo hiyohiyo inayosukuma shahawa. Kwa hiyo vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo liinuke, itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, na ulegeze ile misuli unayobania mkojo.

Halafu mikono. William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa tendo la ndoa wa Marekani, waliieleza njia hii mwaka 1970: wenzi wanagusana kwa zamu, na kuingiliana kunawekwa kando kwa makubaliano. Nilimwambia mke wangu, "Leo hatuna safari, nichue mgongo tu." Akaniuliza, "Kweli, baba?" Kweli. Alianzia mabegani, akashuka kwenye kiuno, nami nikawa nasikiliza viganja vyake badala ya kuhesabu dakika. Kisha zamu yake. Sehemu za siri ziliingia baadaye sana, tulipozoea wote. Mkitumia mafuta ya nazi, kumbukeni yanaharibu kondomu za mpira.

Hapo ndipo inafaa ile njia ya kuacha na kuanza tena, aliyoieleza daktari James Semans mwaka 1956: ukihisi unakaribia, acheni, msisimko ushuke, muendelee. Bila mke kuelewa haiendi, atadhani umemchoka. Zungumzeni mchana, mkiwa mmevaa nguo. Kwa mvuvi wa dagaa, siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi haitoki ndizo nzuri, maana aliyekesha ziwani anahitaji usingizi kwanza.

Kama tatizo limeanza ghafla, mkojo unauma, uume hausimami vizuri, au unakonda huku moyo ukienda mbio, nenda hospitali, iwe Sekou Toure au Bugando. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, au tezi dume ikivimba, huweza kuleta haya. Zipo pia dawa za kuchelewesha, baadhi ni zile za sonona, ila aandike daktari. Ukifika mbele yake usizunguke na habari za kuumwa mgongo, mwambie, "Daktari, namaliza mapema, na ilianza wakati fulani."