Mvinje Si Msonobari: Majibu kwa Wasomaji

Misonobari ya ufukweni kwetu ina koni ndogo sana. Ni ya aina gani? (Mikindani)

Ni mivinje, na swali hili halikomi kuletwa. Chukua hiyo unayoiita sindano uivute taratibu: itachomoka vipande kwenye vifundo. Hicho ni kijiti. Majani yenyewe ni vile vimeno saba au nane vinavyozunguka kila kifundo. Sindano ya msonobari haina kifundo, na huota kwa mafungu ya mbili, tatu au tano. Mvinje ni mti unaotoa maua, si wa jamii ya miti ya koni. Lakini usiukate kwa sababu hiyo. Mizizi yake inashika mchanga wa pwani.

Sandarusi ni utomvu wa misonobari ya kale? (Lindi)

Hapana. Msandarusi ni wa jamii ya mikunde.

Nimeotesha mbegu za paina (msonobari) kutoka Mufindi. Miche imedumaa, ina umanjano. Niweke mbolea gani? (Newala)

Hukutaja aina, umri wala unavyomwagilia, nawe umeshaamua dawa ni mbolea! Mufindi hupandwa sana Pinus patula, mti wa milima ya Meksiko unaotaka ubaridi. Kwa joto la kusini tafuta Pinus caribaea, unaomea hata usawa wa bahari.

Kisha kuna kuvu. Mizizi ya paina hushirikiana na kuvu wanaoitafutia fosforasi, na udongo usiowahi kuota paina mara nyingi hauna kuvu hao. Chota udongo wa juu chini ya paina zenye afya, pamoja na sindano zilizooza, uchanganye sehemu moja kwa tisa za udongo wa viriba (mifuko ya kuoteshea miche). Usiuchome wala kuuanika juani, utawaua. Miche iliyokwisha ota, fukia kiganja kimoja cha udongo huo karibu na mizizi. Mbolea nyingi ya chumvichumvi huwadhoofisha kuvu, na kiriba kinachotuama maji huozesha shingo ya mche.

Wala using'oe mikorosho inayozaa ili kupisha paina.

Nikikata paina, kisiki kitachipua kama mtiki? (Rondo)

Hakichipui. Andaa miche mingine kabla ya kushika msumeno.

Lindi iliwahi kuwa na miti ya koni ya asili? (Lindi)

Ndiyo, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Miamba ya Tendaguru, walikochimba Wajerumani mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, imehifadhi chavua ya Cheirolepidiaceae, ukoo wa miti ya koni uliokwisha kutoweka duniani. Mifupa inasifiwa Berlin. Mimea iliyoishi nayo hata shuleni kwetu haitajwi, na hilo ni kosa. Ukikuta huko gogo lililogeuka jiwe, liache palepale: likihamishwa, tabaka lake halijulikani tena. Leo miti ya koni ya asili ya Tanzania, kama podo na mtarakwa, iko milimani.

Nilipanda tawi la mti wa Krismasi wa uani. Limeshika, lakini linalala. (Mtwara)

Huo ni Araucaria wa kisiwa cha Norfolk. Tawi la pembeni hubaki tawi, halisimami wima hata ulifunge kwenye mti. Kipandikizi cha kilele ndicho husimama, ila ukikikata unaharibu umbo la mti mama. Tumia mbegu mbichi. Zikikaa muda hazioti.