Re: Vipele vimerudi hata kwa maziwa ya mbuzi

Habari mama. Umesema mwanao wa miezi 8 alitapika na kutoka vipele dakika chache baada ya uji wa maziwa ya ng'ombe, ukahamia ya mbuzi, vikarudi.

Acha ya mbuzi leo. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe (yaani mwili kuzikataa protini zake), kama inavyoonekana kwa mwanao, hudhurika na yote mawili. Kuyachemsha sana au kuyazimua kwa maji si dawa. Maziwa yasiyo na laktosi nayo hayafai, maana tatizo ni protini, si sukari ya maziwa.

Endelea kunyonyesha. Wewe huna haja ya kuacha kunywa maziwa, isipokuwa mtoto anapata dalili kwa kunyonya tu. Uji pika kwa maji, ukipoa kidogo utie maziwa uliyokamua, ongeza parachichi au dagaa waliosagwa laini.

Sasa kagua pakiti ya unga wa lishe, hapo ndipo wengi hunaswa: mara nyingi umechanganywa maziwa ya unga. Majarini, mkate na biskuti vilevile. Kwenye lebo tafuta "milk" (maziwa), "casein" na "whey" (vyote viwili hutokana na maziwa).

Midomo ikivimba, akipumua kwa shida au akilegea, kimbilia hospitali. Na kwa kuwa yeye hupata dalili papo hapo, tafadhali usimwonjeshe tena nyumbani kuona kama amepona. Jaribio hilo lifanyike mbele ya daktari. Watoto wengi huuacha mzio huu wakikua.