Mbona jiko la maabara ni ghali kiasi hiki?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha kemia katika shule ya sekondari wilayani Ilemela. Jiko la umeme la sahani moja hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya Mwanza mjini. Mbona lile la maabara, linalopasha moto na kukoroga kwa sumaku, huuzwa kwa bei mara kadhaa zaidi, ilhali kwa macho yanafanana?

JIBU: Ndugu Mwalimu, kufanana huko huishia kwenye sahani. Chini yake mna mota inayozungusha sumaku, nayo huzungusha kijiti cha sumaku kilichofunikwa kwa Tefloni (aina ya plastiki) ndani ya bika, yaani chombo cha kioo cha maabara. Na kwa kuwa sumaku za kawaida za neodimi (aina ya metali) huanza kupoteza nguvu zinapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi, mtengenezaji hulazimika kuikinga na sahani inayoweza kuzidi nyuzi 300, sentimita chache tu juu yake. Majiko bora huwa pia na kihisi cha joto kinachotumbukizwa katika kimiminika, pamoja na sakiti ya pili ya kukata umeme endapo ya kwanza itaharibika.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, sababu kubwa ni soko: haya hutengenezwa kwa idadi ndogo, hivyo gharama za usanifu na upimaji huwaangukia wanunuzi wachache, mbali na usafirishaji.

Kwa kuyeyusha chumvi katika maji darasani, jiko la kawaida na fimbo ya kioo vinatosha. Ethanoli, ambayo mvuke wake hushika moto upesi, usiiweke kamwe juu ya koili iliyo wazi. Chemsha maji, zima jiko, kisha tumbukiza chombo chake humo.